Nilifuta Sauti ya Baba wa Bibi Harusi

Nimekosa, jamani. Naanza hivyo ili usije ukanionea huruma mapema. Jina langu silitaji, na ya wenzangu nimeyabadili, ila watu wa mtaa wa Rahaleo wa miaka ile wakisoma watanijua tu. Wanijue!

Nilikuwa fundi wa video za harusi hapa Mtwara mjini, miaka ya elfu mbili na kitu, kamera ndogo za kidijitali zilipoanza kuingia. Baba yangu aliletwa huku na kazi ya bandari, mimi nikazaliwa na kukulia hapahapa. Nilikuwa na kompyuta moja na majivuno ya kujaza ofisi nzima.

Siku moja akaja rafiki yangu, nimwite Saidi. Dada yake Somoe alikuwa ametoka kuolewa, na harusi Saidi aliirekodi mwenyewe kwa kamera ya kuazima. Humo humo kwenye kamera kulikuwa na kipande cha baba yao. Mzee alikuwa mgonjwa kijijini kwenye mikorosho yake, njia ya Kilambo, hakuweza kuja harusini. Akataka arekodiwe maneno ya kumwambia bintiye. Saidi akaiweka kamera juu ya kigoda, akawasha, mzee akamfukuza: "Toka nje. Haya ni ya mimi na mwanangu."

Unaona? Hata Saidi hakusikia.

"Harusi fanya utakavyo," aliniambia. "Ila cha mzee usikiguse, bwana. Kiache kama kilivyo."

"Ondoa shaka," nikamjibu. Ondoa shaka! Kwa mdomo huu huu.

Nikaingiza picha zote kwenye kompyuta, nikazifungua mojamoja kuona kama ziko salama. Cha mzee nacho nikakitazama. Sikuwa na ruhusa, lakini nani angeniona? Mzee aliongea Kimakonde muda mrefu, mimi natafuna mihogo ya kukaanga, sielewi kitu. Mwishoni akageukia Kiswahili kidogo. Hapo nikasikia vizuri.

Sasa, programu yangu ya kuhariri ilikuwa haizitaki picha za kamera zile. Ukiziweka zinakwama, mtu anaganda mguu juu. Ilibidi kwanza uzibadilishe zote ziwe za aina ambayo kompyuta itaweza kuikata na kuiunga. Kazi hiyo ilikula muda, na umeme wetu siku zile ukikatika katikati, unaanza upya.

Nikawa na njia yangu ya mkato. Video za harusi zetu, nani alikuwa anasikiliza sauti? Tulikuwa tunamwaga taarabu juu yake toka mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo wakati wa kubadilisha nilikuwa naizima sauti kabisa, kazi inakwenda haraka na faili linakuwa jepesi. Mkono ulishazoea. Siku ile nikazipanga zote foleni moja, cha mzee kikiwemo, nikazima sauti, nikabonyeza, nikaenda zangu kupunga upepo ufukweni Shangani.

Niliporudi, kazi imekwisha. Kompyuta imejaa pomoni, nikafuta picha za asili, zile zilizotoka kwenye kamera. Kamera nayo nikaifuta picha zote, maana mwenye nayo alikuwa anaitaka. Kusikiliza kwanza, wala! Mjinga mimi!

Kabla sijawakabidhi video yao, mzee akafariki.

Baada ya arobaini walikusanyika sebuleni kwa Saidi wamtazame, nami nikaalikwa niwawashie. Mzee akatokea, kibarghashia kichwani, mdomo unacheza. Kimya. Somoe akasogea hadi kwenye televisheni.

"Ongeza sauti, fundi."

Nikaongeza.

"Ongeza!"

Nikaongeza mpaka spika zikaanza kuvuma.

Wakanigeukia wote. Hapo ndipo ningesema. Nilijua papo hapo nilichofanya. Nikafungua mdomo nikasema, "Kamera haikushika sauti. Labda aliyewasha alikosea."

Mungu wangu, nisamehe!

Mjomba wao akamgeukia Saidi. "Kubonyeza kitufe tu kumekushinda? Maneno ya mwisho ya baba yako!"  Saidi alitoka nje akalia kwa sauti, mwanaume mzima, na mimi nikaendelea kukunja waya.

Na maneno ya mzee nilikuwa nayo kichwani! Yale ya Kiswahili ningeweza kumpa Somoe pale pale. Lakini ningesema nimeyasikia wapi, wakati nimeshasema sauti haikuwapo? Nikajifunga mdomo kwa uongo wangu mwenyewe.

Miaka ikapita. Somoe alikuwa akiishi kwa mumewe, kule kule Kilambo. Siku moja akaja dukani kwangu, diski yake ya ile video imechubuka, anataka nakala nyingine. Alijitanda khanga hadi shavuni. Ilipoteleza nikaona jicho limevimba.

"Nimeanguka," akasema kabla sijauliza. Kisha akacheka kidogo, kile kicheko cha aibu. "Kaka, mimi huwa naangalia mdomo wake. Mjomba anasema hapa mwishoni baba ananiambia nivumilie. Na wewe unaona hivyo?"

Nikamwambia sijui. Nisikilize vizuri: nilimwambia sijui! Nikamtolea nakala, akashukuru, akaondoka.

Swali lake nikalala nalo, nikaamka nalo. Jumapili iliyofuata sikuingia kanisani, nilikwenda Kilambo. Nikamkuta anaanika nguo. Nilisema yote nimesimama, nikiogopa kwamba nikikaa nitabadili nia.

"Mwishoni baba yako alisema hivi, dada: 'Somoe, mume akikutendea vibaya, usingoje kuitwa. Rudi. Nyumba hii haina mlango wa kukufungia wewe.'"

Nilitegemea matusi. Hakunitukana.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena. Akaanza kuanua nguo zake na za mwanawe, mojamoja, zinachuruzika maji, anatia kwenye beseni. Za mume akaziacha kwenye kamba.

"Na Kimakonde, alisema nini?"

"Sikuelewa, dada."

"Si umezaliwa hapa?"



Saidi nilimfuata nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanionyesha mlango, na tangu siku hiyo hatusalimiani. Ana haki. Kazi ya video niliiacha.

Wewe unayeshika kumbukumbu za watu, nakuomba: usifute cha asili mpaka mwenyewe ameona na kusikia. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, hata ukipigwa! Kosa langu lilikuwa la kubonyeza tu. Uongo ndio uliomweka yule dada kwenye ngumi miaka yote ile.

Somoe sasa anaishi kijijini, kwenye mikorosho ya baba yake. Nasikia diski bado anaitazama. Anakaa karibu, anaangalia ule mdomo wa mzee kwenye Kimakonde kirefu, na hakuna wa kumwambia alisema nini.