Aliyeomba Maji Walikoachwa

Nilipokuwa mtoto, mahali nilipopaogopa kuliko pote duniani ndipo watu wazima wa kijiji chetu walipoamua kujenga zahanati. Palikuwa panaitwa Walikoachwa. Ni kwenye njia ya zamani ya misafara, mbele ya Kwihara, pale ambapo miombo inaanza kuwa minene na barabara ya magari imejikunja ikaenda zake upande mwingine. Mgeni angeona uwanja tu, vichuguu na majani makavu. Wala usiku hapakuwa na neno. Saa yake ilikuwa mchana, jua la utosi, wakati hata ndege wamenyamaza. Ukipita saa hiyo utasikia mtu anakohoa, na ukigeuka humwoni.

Habari za pale nilizipata kwa Bibi yangu, mama yake mama. Alisema zamani wapagazi waliokuwa wakirudi kutoka pwani walipatwa na ndui njiani. Walikuwa vijana wa hapa hapa, Wanyamwezi wenzetu, miguu imepasuka kwa mwendo hadi wakaifunga matambara, na moshi wa kwao walishauona. Kijiji kikawakataa. Waliokuwa wazima wakaogeshwa dawa na kuruhusiwa kuingia. Wagonjwa wakawekwa pale, kila mmoja na kibuyu chake cha maji, na ikakatazwa mtu kwenda kuwatazama. Vibuyu vikaisha. Waliita, na upepo ulileta sauti zao mpaka uani, na watu waliendelea kutwanga.

"Babu yangu alikuwa mmoja wa walioingia," Bibi aliniambia, akivuta ugoro puani. "Mdogo wake ndiye aliyebaki."

Mimi hilo la babu halikunigusa wakati ule. Kilichonikaa ni kikohozi.

Sasa fikiria mkutano wa kijiji. Tulikuwa tumechoka kubeba wajawazito kwenye baiskeli hadi mjini na wengine kuwarudisha wamefunikwa. Watu wakakata shauri kujenga zahanati yao wenyewe, ikabaki kuchagua kiwanja. Bibi akasimama na kusema ijengwe Walikoachwa. Mkutano ukaguna. Akasema wale waliachwa kwa sababu hapakuwa na mahali pa mgonjwa, na tukijenga kwingine tutakuwa tumewakimbia tena. Jirani mmoja akamtania kwamba basi yeye ndiye atakayelala humo wa kwanza. "Nitalala," alijibu Bibi. Na huyo ni mtu ambaye jua likizama hakuthubutu kwenda chooni bila kunishika mkono.

Wakamkubalia, nadhani kwa aibu zaidi kuliko kwa ushujaa. Kila kaya ilifyatua matofali, wanawake wakabeba mchanga, na ikaundwa kamati ya wanakijiji chini ya mzee mmoja mfuga nyuki, Mzee Kasanda, mtu mpole sana asiyerudi nyuma. Wilaya ikaleta dawa na nesi. Lakini kabla ya mlango kufunguliwa kamati iliweka masharti yake. Mgonjwa asilale mle peke yake hata saa moja, lazima awe na mkaaji, mtu wake wa kumshika mkono. Na mlangoni uwepo mtungi wa maji ambao haukauki.

Nesi Adelina, mama wa Bukoba aliyependa mambo yanyooke, hakufurahi. "Hii ni zahanati au sebule?" aliuliza.

"Ni sebule yetu, nesi," Mzee Kasanda akamjibu. "Karibu sana."

Wakavutana, kisha wakaelewana: mkaaji awe mmoja tu, anawe mikono, na akae kimya. Mambo yakaenda. Wagonjwa walikuja hata kutoka vijiji vya mbali, na wakiulizwa kwa nini hawaendi kwingine walisema pale hawaachi mtu.

Mwaka huo, kabla ya mvua za kwanza, mama alimzaa mdogo wangu Masanja katika zahanati ile. Alijifungua alfajiri baada ya usiku mzima wa uchungu. Kufika mchana kila kitu kilionekana salama. Nesi, ambaye hakuwa amefumba jicho, alikwenda kujinyoosha nyumbani kwake nyuma ya jengo. Bibi naye akatoka kwenda kwenye banda la jiko kupika uji. Ukaaji ukaniangukia mimi. Sikuwa nimefikisha hata umri wa kuteka maji kisimani peke yangu.

"Nyamizi, sikiliza," Bibi alisema, akinikalisha kwenye kigoda. "Umshike mama yako mkono, usiuachie. Ukisikia mtu anakohoa, usitoke. Akiomba maji, usiitike wala usimpe. Mtungi upo mlangoni, atajichotea mwenyewe."

Aliondoka. Bati lilikuwa likilia kwa joto. Mama amelala chali, Masanja ubavuni mwake ndani ya kitenge, wote kimya. Nje hakukuwa na hata kuku. Nikaanza kuhesabu misumari ya darini ili nisisinzie.

Ndipo kikaja kikohozi. Kimoja tu, kikavu. Nikajisemea ni mlango. Kisha nikasikia sauti ikisema, "Minzi." Ndiyo maji, kwa Kinyamwezi. Siwezi kukuambia ilikuwa sauti ya mwanaume au ya mwanamke. Ilikuwa imekauka mno. Na siwezi kukuambia ilitokea wapi, kwa sababu nilishafumba macho kwa nguvu zangu zote.

"Minzi," ikarudia.

Niliogopa, naam, lakini ninalolikumbuka zaidi ni huruma. Mtu yule alikuwa na kiu kweli. Nilitamani kumpa. Nikambana mama mkono, nikang'ang'ana na agizo la Bibi, na sauti ikaomba tena, safari hii taratibu zaidi, kisha ikakoma.

Kilichonifumbua macho ni mkono wa mama. Ulikuwa umelowa jasho, tena jasho la baridi, ndani ya chumba kilichokuwa kikitokota. Nikatazama. Midomo yake ilikuwa imepauka, na chini ya kitanda damu ilikuwa ikidondoka kwenye sakafu ya saruji. Nilikuwa nimekatazwa kuuachia mkono, kwa hiyo sikukimbia. Nilipiga yowe pale pale nilipokaa, yowe ambalo Mzee Kasanda aliapa alilisikia akiwa kwenye mizinga yake.

Nesi Adelina aliingia peku, kilemba kimemwanguka. Alilikanda tumbo la mama kwa ngumi, akamchoma sindano ya paja, akatundika dripu kwenye msumari wa dirisha, huku akimfokea kana kwamba mama alikuwa anataka kutoroka. Ilichukua muda mrefu. Bibi alikuwa ameishika miguu ya mama juu na machozi yanamtiririka bila sauti. Baadaye damu ikatulia. Tangu siku hiyo nesi hakulalamika tena juu ya wakaaji.

Jioni Bibi akaniuliza nilisikia nini. Nikamwambia. Akaenda mlangoni, akachungulia mtungini, maji yalikuwa vile vile hadi shingoni. "Hakunywa," alisema. Akachota kata moja, akaimwaga chini upande wa njia, na akaliita jina ambalo sikuwahi kulisikia. Niliona usoni mwake kwamba hakuwa na hofu. Alikuwa na haya.

Nikawa mtoto maarufu, yule aliyewasikia na hakutoka. Nikakua na sifa hiyo mpaka nikaenda kusomea unesi. Siku moja darasani mwalimu akatufundisha kwamba anayepoteza damu nyingi hushikwa na kiu kali, na mara nyingi kabla hujaona lolote yeye ataomba maji. Wenzangu wakaandika. Mimi niliweka kalamu chini. Niliisikia tena ile sauti kavu, na safari hii ilitokea kitandani.

Kwa miaka mingi nilitembea na jambo hilo. Bibi alishafariki, na mama sikuthubutu kumuuliza. Kila alipowaambia wageni kuwa mimi ndiye niliyemwokoa, nilisingizia chungu kinaungua nikaingia jikoni. Nilishaamini kwamba mama yangu aliniomba maji huku akifa, nami nikafumba macho zaidi.

Kiangazi kilichopita nilikwenda likizo nyumbani. Tulikuwa tunamenya karanga za mbegu, mimi na mama, naye sasa ni bibi kizee. Nikajikaza nikamuuliza.

"Mama, siku ile ya Masanja. Wewe ndiye uliyeomba maji?"

Aliendelea kumenya. "Ningeombaje? Hata ulimi sikuweza kuunyanyua."

"Basi nani?"

"Yule wa mlangoni. Kwani wewe si ulimsikia?" Akapepeta maganda. "Mimi nilimwona miguu tu, ilikuwa imefungwa matambara. Bibi yako alidhani anajiombea. Hakuwa anajiombea. Alikuwa anakuambia unipe mimi."

Mimi ni nesi. Najua anayeishiwa damu huona mengi, na najua mama alisimuliwa habari za matambara yale akiwa mdogo kuliko nilivyokuwa mimi siku ile. Majibu yote hayo nilikuwa nayo, nikaendelea kumenya.

Siku ya kuondoka nilipitia zahanati. Mtungi haupo tena, kamati imeweka ndoo ya plastiki yenye koki, imejaa. Nesi wa sasa ni kijana, na masharti ni yale yale. Jua lilikuwa utosini. Kwenye kitanda kilekile cha dirishani alilala mama mmoja aliyejifungua asubuhi, na binti yake mdogo amemshika mkono, macho makavu kwa woga. Nilijua ameshaagizwa nini.

Nikachukua kikombe, nikakijaza, nikakiweka karibu na goti lake.

"Ukisikia mtu anaomba maji," nilimwambia, "usijiulize ni nani. Mpe mama yako, halafu umwite nesi."