Matairi Aliyoyachagua Mke Wangu

Gari letu lilikuwa DX, ile stesheni wagoni yenye mgongo mrefu, rangi ya maziwa. Tulilinunua mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwaka ambao bonasi ya majani chai ilikuja vizuri. Aliyetuuzia ni kijana mmoja mfanyabiashara wa Kericho mjini, na alikuwa ameliondolea rimu lilizozaliwa nazo akalivisha rimu pana za aluminiamu, zenye kung'aa, na matairi yenye uso mpana na ubavu mfupi. Magurudumu yalitokeza nje ya madigadi kama masikio. Mimi nilipenda. Nilipolifikisha nyumbani, juu kidogo ya soko la Roret, mke wangu alitoka na futi kamba yake shingoni, maana alikuwa fundi cherehani, akalizunguka lote.

"Ni zuri," alisema mwishowe. "Lakini hizi nguo limevaa ni za nani?"

Tulicheka. Wakati huo tulikuwa na nafasi ya kucheka. Alikuwa akishona sare za shule pale sokoni, mimi nikiangalia majani na ng'ombe, na binti yetu wa pekee alikuwa ameshaolewa Nakuru. Gari lilitupeleka kanisani na harusini. Likiruka kwenye mawe tulisema ni barabara mbaya, basi.

Kisha titi la mke wangu likafanya uvimbe. Lilikatwa, tukaambiwa tushukuru Mungu, tukashukuru. Mwaka uliofuata akaanza kulalamika mgongo. Alidhani ni cherehani, kuinama kutwa nzima. Hospitalini Kaplong daktari aliniita kando, akaniambia ugonjwa umeingia kwenye mifupa ya mgongo. Hakuna cha kukata tena. Cha kufanya ni kupunguza maumivu, na kwa hiyo atakuwa akirudi mara kwa mara kudungwa sindano na kuangaliwa.

"Anasafiri na nini?" daktari aliuliza.

"Nina gari."

"Basi jaribu asirushwerushwe. Kila mtikisiko kwake ni kama kupigwa."

Nilikuwa sijui gari langu mpaka siku hiyo. Kutoka kwetu hadi kwenye lami ni barabara ya murram, udongo mwekundu na changarawe, inapita katikati ya majani chai, na kila mvua inaibomoa upya. Nilimwekea godoro dogo kwenye kiti cha mbele, nikamzungushia mito. Haikusaidia. Ubavu wa matairi yale ulikuwa mfupi kiasi kwamba hakukuwa na kitu cha kumeza jiwe. Jiwe lilitoka barabarani likaingia moja kwa moja mgongoni mwake. Hakupiga kelele. Alishika mkono wa mlango na kufunga macho, na midomo yake ikawa rangi ya jivu. Mimi nilikuwa naendesha huku namwangalia, nikakosa hata kuona barabara.

Nilipunguza upepo ili matairi yalainike. Tulipofika kwenye kona ya mteremko, nikasikia kitu kikikwaruza, kisha harufu ya mpira unaoungua ikaingia ndani. Tairi la mbele lilikuwa likila madigadi kila nilipokata usukani. Ndipo nilipoelewa swali lake la siku ile ya kwanza. Zile rimu zilikuwa za gari jingine kabisa, zimelazimishwa tu.

Nilienda Kericho peke yangu. Nilipata rimu za chuma, za kawaida, zilizotoka kwenye Datsun. Zilikuwa na matundu manne kama ya kwetu, zikaingia kwenye misumari ya habu, pale gurudumu linapofungwa, bila kusukumwa. Nikazinunua na matairi yake, nikazifunga mwenyewe nyumbani kwa nati zilezile zilizokuwa zikishika aluminiamu. Nilijiona nimemaliza kazi. Kwenye murram zilikuwa afadhali, na mke wangu alinishukuru, "Kongoi, mzee." Lakini tulipoingia kwenye lami nikaongeza mwendo, akaniwekea mkono kwenye paja.

"Simamisha."

Nilisimama kando ya shamba la chai.

"Ni nini, mama?"

"Inatetemeka."

"Ni lami imechakaa."

"Si lami. Ni gurudumu. La nyuma, upande wangu."

Mimi nilikuwa sihisi kitu. Mikono yangu kwenye usukani haikusikia chochote, na makalio yangu vilevile. Nikatoka, nikapiga teke lile tairi, nikaangalia nati, zimekaza. Nikarudi nikamwambia kila kitu kiko sawa. Aliniangalia kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mwingine.

"Mzee, mgongo wangu unajua," alisema. "Natamani usingejua, lakini unajua."

Tulienda pole pole hadi Kaplong, magari yakitupigia honi. Alipodungwa sindano na maumivu yakatulia, alisema hataki kurudi nyumbani kwanza. Anataka twende Sotik, kwenye duka la matairi, na safari hii atakuwa pale.

"Utachoka," nikamwambia.

"Nimeshachoka. Twende tu."

Mwenye duka alikuwa mtu wa makamo kutoka Kisii, mchangamfu, mwenye ovaroli iliyokuwa buluu zamani. Alimletea mke wangu kiti chenye mgongo, akamweka kivulini, akamwita mama, na akamsikiliza alipoeleza habari ya mtetemo. Kisha akapiga jeki gari upande wa nyuma, akazungusha lile gurudumu kwa mkono, akaweka kidole karibu na ukingo wake bila kukisogeza. Kwenye mzunguko ukingo ulikaribia kidole, ukaondoka, ukakaribia tena.

"Mama amesema kweli," alisema. "Halikukaa katikati."

Alilivua akatuonyesha. Tundu la katikati la rimu ya Datsun lilikuwa kubwa kuliko kitovu cha habu yetu, kwa hiyo rimu haikushikwa na kitovu. Ilitegemea nati peke yake. Na nati nilizotumia zilikuwa bapa, za rimu za aluminiamu, wakati rimu za chuma zinataka nati zenye mdomo uliochongoka, ili zijiingize kwenye tundu na kuivuta rimu mahali pake. Magurudumu yangu yalikuwa yamefungwa, lakini hayakukaa.

Mke wangu aliinama mbele kidogo kwenye kiti. Nilijua ule mwinamo. Ndivyo alivyokuwa akiinama mteja akimletea kitambaa kigumu.

"Kwa hivyo matundu manne hayatoshi," alisema. "Unapima nini kingine?"

Yule bwana akamjibu kama anavyomjibu fundi mwenzake. Umbali kati ya matundu. Upana wa tundu la katikati. Halafu kina cha rimu: ikitoka nje sana, tairi linakula madigadi na beringi inakufa mapema, ikiingia ndani sana, tairi linasugua shokabu inayomeza mitikisiko. Halafu tairi lenyewe, upana wake na urefu wa ubavu wake, na uzito linaoweza kubeba. Mke wangu alimwuliza hiki na kile. Rangi ilimrudia usoni. Kwa muda ule mfupi alikuwa mwanamke wa soko la Roret, akibishana juu ya kipimo, na nilitamani ile kazi isiishe.

Rimu za DX halisi zilipatikana nyuma ya duka, zimepata kutu kidogo, na nati zake. Ikabaki kuchagua matairi. Mwenye duka alituletea la kwanza, zito, la pickup.

"Hili halijui pancha," alisema.

Mke wangu aliomba lisogezwe karibu. Akaminya ubavu kwa vidole gumba viwili, kama anayepima uzito wa kitambaa. Haukubonyea.

"Hili litanipiga," alisema. "Lete lingine."

La pili lilikuwa na meno makubwa ya tope. La tatu lilikuwa tairi la kawaida la gari dogo, jembamba, ubavu wake mrefu na laini, meno yake madogo. Hilo liliitikia vidole vyake. Akalishika muda mrefu.

Mimi nikapinga. Nilisema meno hayo ni madogo, barabara yetu ni ya utelezi, mvua ndefu ikianza hatutatoka nyumbani. Nilisema tuchukue lile la meno makubwa, nami nitaendesha taratibu.

"Mvua ndefu ikija," mke wangu alisema, "utabadilisha."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, macho yake yakiwa kwenye tairi. Hakusema tutabadilisha. Mwenye duka aligeuka akaanza kutafuta spana iliyokuwa mkononi mwake. Mimi nilisimama pale nikiangalia miguu ya mke wangu, jinsi viatu vilivyokuwa vimeanza kumpwaya. Nikakubali kwa kichwa.

Yalifungwa manne yote. Yule bwana alikata usukani hadi mwisho kulia, hadi mwisho kushoto, akapitisha kiganja kati ya tairi na shokabu. Akawaita watu waliokuwa wakipita wakapanda nyuma, gari likalala kwa uzito, akachungulia chini ya madigadi: nafasi ilikuwepo. Akayajaza upepo kwa kipimo cha gari hilo, akakataa nilipomwomba apunguze. "Likiwa tairi lake na upepo wake, halihitaji kusaidiwa," alisema. Alimshika mke wangu mkono kwa mikono yake miwili kumuaga.

Tuliondoka jua likiwa bado juu. Kwenye lami gari lilitulia kama maji kwenye sufuria. Tulipoingia murram nilikaza meno kungoja, gurudumu la mbele likapanda jiwe, likashuka, na mwenzangu hakushika mlango. Baada ya kona kadhaa nikamwangalia. Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea mto, mdomo umefunguka kidogo, mikono imelegea mapajani. Kwa miezi mingi nilikuwa nimemwona akisinzia kwa dawa, akikunja uso hata usingizini. Huu ulikuwa usingizi wa kweli.

Nilipofika njia ya kwetu sikukata kona. Niliogopa nikisimama ataamka. Nikaendelea tu, katikati ya majani chai, wachumaji wakiwa wamebeba vikapu kuelekea kwenye kituo cha kupimia, wengine wakinipungia mkono nami nikishindwa hata kupiga honi. Sikuwa na mahali nilipokuwa nikienda. Nilikuwa naendesha ili alale.

Aliamka tulipokuwa tumeanza kuuona msitu wa Mau.

"Tuko wapi?"

"Karibu Kimulot."

Akatazama nje. Kimulot ni kwao. Mama yake alikuwa bado hai, mzee sana, na kwa sababu ya barabara hawakuwa wameonana tangu ugonjwa urudi.

"Ulijuaje nataka kuja?" aliniuliza.

Nilimwambia sikujua. Alitabasamu, hakuniamini.

Mama mkwe alimkuta binti yake ameketi kwenye kiti chake cha zamani jikoni, akaweka kuni alizobeba chini polepole. Hawakulia. Walizungumza Kipsigis cha chini chini, mambo ya ng'ombe na majirani, na mke wangu alikunywa mursik, maziwa mgando ya kibuyuni, nusu kikombe, yeye ambaye chakula kilikuwa kimemshinda. Nilitoka nje kuwaachia nafasi. Kupitia dirishani nilimsikia akicheka.

Tulisafiri na yale matairi mara chache tu baada ya hapo. Alifia hospitalini asubuhi moja ya kiangazi, mimi nikiwa nimeenda kumtafutia uji. Niliporudi, muuguzi aliniondolea kikombe mkononi kabla hajasema lolote.

Watu wa kanisa walitaka kukodi pickup ya kuleta jeneza. Nilikataa. Tulilaza viti vya nyuma vya DX, jeneza likaingia, mlango wa nyuma ukafungwa kwa kamba. Shemeji yangu, kaka yake mkubwa, alikaa mbele nami. Nilikwepa kila shimo. Palipokuwa na mtaro nilisimama, nikashusha gurudumu moja moja.

"Shemeji, ongeza mwendo kidogo," alisema kwa upole. "Watu wanangoja tangu asubuhi. Haumii sasa."

Nilijua. Nilijaribu kukanyaga mafuta, mguu ukakataa. Shemeji aliona, na kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa akinionyesha mawe kwa kidole: hapo kushoto, hapo kulia. Tulifika hivyo, wanaume wawili tukilia wazi mbele ya watu.

Baada ya mazishi nilikaa muda mrefu bila kwenda Kimulot. Sikuwa na la kumwambia mama mkwe. Majani yalinipita, nikaajiri watu wa kuchuma. Cherehani nilimpa binti yetu, naye aliifunga kwa shuka akaenda nayo Nakuru. Siku nilipopata nguvu niliwasha gari nikaenda.

Mama mkwe hakuwa akisikia vizuri tena, lakini aliisikia injini. Alitoka nyumbani akifuta mikono kwenye leso, hakunitazama, akaja moja kwa moja hadi mlango wa abiria, akaweka mkono kwenye kitasa. Akasimama hivyo. Alikuwa amekuwepo kaburini, alikuwa ametupa udongo kwa mkono wake mwenyewe, na bado miguu yake ilikuwa imemleta kwenye mlango ule aliokuwa akishukia binti yake.

Nilizunguka gari nikasimama kando yake. Baadaye aliniambia naonekana nimeacha kula, akaniingiza jikoni akaweka maji motoni.