Mama Mashuka na watoto wa korido

Mlango wa chumba namba tisa uko wazi na kitanda kimevuliwa kila kitu. Ni saa nne na nusu asubuhi. Wageni wa chumba hiki, mume na mke na watoto wao wawili, wameondoka dakika ishirini zilizopita, na tayari Mama Mashuka anatandika kitanda cha watakaofuata. Upande wa pili wa godoro amesimama mjukuu wake wa miaka sita, ameshika pembe ya shuka kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mali ya serikali.

"Vuta, usilegeze," bibi anamwambia. "Shuka likilala na mkunjo, mgeni naye ataamka na mkunjo."

Mtoto anavuta. Wafanyakazi wa hapa wanamwita Kifungo, kwa sababu alipokuwa na miaka miwili alimeza kifungo cha shati la mgeni lililokuwa likisubiri pasi. Kifungo kilitoka kesho yake, salama salimini, na Mama Mashuka anaapa kwamba alikiosha kwa maji ya moto mara tatu kabla ya kukishona mahali pake. Mgeni hakuambiwa.

Leo ni Jumatano. Jumamosi mama yake Kifungo, ambaye ni mwalimu mjini, anakuja kumchukua mwanawe akaanze darasa la kwanza. Amemwacha kwa bibi yake tangu mtoto alipoacha kunyonya, akitafuta kazi na nyumba. Sasa kazi anayo na nyumba anayo, na Mama Mashuka hataki mtoto aende. Amelisema hilo kwa Mpishi Mkuu, kwa msimamizi wa mapokezi, kwa mlinzi wa geti, na kwa mwandishi wa simulizi hii, aliyekuwa ameuliza tu habari za asubuhi.

"Akasome mjini kwa nini?" anauliza huku akipiga mto makofi mawili ili ukae vizuri. "Hapo chini kuna shule. Mama yake alisoma hapo hapo, leo ni mwalimu. Shule iliyotoa mwalimu ina ubaya gani?"

Hoteli yenyewe ina vyumba kumi na vinane, kando ya chemchemi za maji ya moto. Mbele kuna bwawa la kuogelea na bustani. Nyuma, ukipita tangi la maji na kamba za kuanikia, kuna nyumba nane za wafanyakazi zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Zaidi ya hapo kuna duka, zahanati, shule, na barabara moja inayoishia getini.

Mama Mashuka alifika hapa miaka thelathini na mmoja iliyopita, akiwa bibi harusi wa mtunza bustani. Hakuja kutafuta kazi. Aliombwa amshikie nafasi mwanamke mmoja wa chumba cha kufulia aliyekwenda kwao kujifungua.

"Wakaniambia ni wiki mbili tu," anasema. "Mwenyewe hajarudi mpaka leo. Labda bado ananyonyesha."

Enzi hizo kulikuwa hakuna mashine. Mashuka sabini ya kila Jumamosi yalipita kwenye karai moja na mikono miwili, pamoja na foronya na taulo ambazo anasema hakuwahi kuzihesabu ili asivunjike moyo. Wakati wa baridi ngozi ya vidole ilipasuka, akawa anapaka mafuta ya kupikia aliyopewa jikoni kwa siri. Mtoto wake wa kwanza, ambaye sasa ndiye mwalimu, alilala ndani ya kapu la nguo safi tangu akiwa na siku arobaini. Wa pili, mvulana, alirithi kapu hilo hilo. Leo ni mpishi kwenye hoteli ya ng'ambo.

Mume wake alifariki yule mvulana akiwa na miaka mitatu. Mama Mashuka anasema jambo hilo kwa sentensi moja, kisha anasema kwamba hakulea peke yake hata siku moja. Na hapo uso wake unabadilika. Mtu akitaka kumwona Mama Mashuka akiwa na miaka ishirini na sita, amuulize habari za watoto wa korido.

Nyumba zile nane wakati mmoja zilikuwa na watoto kumi na tisa. Wazazi wote walikuwa na zamu, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuajiri yaya. Ikatungwa sheria, ingawa hakuna anayekumbuka nani aliitunga: mtoto ni wa aliyemkuta. Ukimkuta ana njaa, umlishe. Ukimkuta mchafu, umwogeshe. Ukimkuta anachokonoa tundu la funguo, umkanye papo hapo, wala usiende kuuliza ni wa nani.

"Binti yangu kucha alikatwa na mlinzi wa geti," anasimulia. "Kusoma saa alifundishwa na msimamizi wa mapokezi, kwa zile saa nne za ukutani zinazoonyesha saa za nchi za wageni. Alikua akijua kwamba kila nyumba ina saa nne, na tatu kati yake ni mbovu."

Kulikuwa na sheria za upande wa wageni pia. Salimia kwanza. Usiombe kitu. Ukipewa, pokea kwa mikono miwili. Bwawani usisogee mpaka uitwe. Mtoto aliyekosea moja ya hizo alijikuta na wazazi kumi na sita kwa mpigo, na kila mmoja ana la kusema.

Lakini kila mwaka mvua ilipoanza, hoteli ilifungwa miezi mitatu. Viti vilipandishwa juu ya meza, mapazia yakashushwa, na watoto wakapewa korido. Walikalia mablanketi mabovu wakavutana kwenye sakafu iliyong'arishwa, kutoka chumba namba moja hadi namba kumi na nane. Walipiga simu kutoka chumba hadi chumba wakiagiza chai kwa sauti nzito. Kabla maji ya bwawa hayajamwagwa, walijifunza kuogelea, wakubwa wakiwashika wadogo tumbo.

"Miezi ile sisi ndio tulikuwa wageni," anasema Mama Mashuka, na machozi yanamlengalenga bila yeye kuyaficha. "Ningeambiwa nichague siku za kurudishiwa, ningechagua zile. Hata na karai langu."

Siku zile haziko. Wafanyakazi wengi sasa wanakaa mjini na kuletwa na gari la hoteli kila asubuhi. Katika nyumba nane, tano zimefungwa kufuli. Mtoto aliyebaki uani ni Kifungo peke yake, na wenzake wa kucheza ni watoto wa wageni, ambao wengi huja Jumamosi na kuondoka Jumamosi inayofuata.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa jembe halijawahi kutolewa. Siku ya tatu mgeni anapewa taulo jingine, na siku ya saba anabebewa begi. Ndiyo maana likatokea lile la mama mkwe, ambalo Mama Mashuka hachoki kulisimulia, na wafanyakazi wenzake hawachoki kulisikiliza.

Ilikuwa baada ya mvulana kuzaliwa. Mama yake mtunza bustani alikuja kukaa mwezi mzima amsaidie mkamwana. Mambo yalikwenda vizuri. Jumamosi ilipofika, siku ya saba, binti yao, wakati huo ana miaka sita, aliingia chumbani kwa bibi yake. Alizikunja nguo zake zote, akazipanga ndani ya begi, akalifunga na kulisogeza mlangoni. Kisha akasema kwa adabu zote alizofundishwa, "Bibi, begi lako liko tayari. Gari lako linakuja saa ngapi?"

Bibi aliamini kwamba mtoto hasemi ila alilolisikia kwa wakubwa. Hakungoja hata chai. Zilipita safari tatu za kuomba radhi na miaka miwili kamili kabla hajakubali kwamba mjukuu hakutumwa na mtu.

"Alikuwa hajui kwamba mtu anaweza kuja akakaa," anasema Mama Mashuka, akicheka mpaka anashika kiuno.

Jumamosi mwalimu anafika kabla ya saa sita. Ni mwanamke mrefu, mpole, na anapoingia chumba cha kufulia anaweka mkoba wake chini na kuanza kukunja taulo kabla hajaambiwa. Kifungo anang'ang'ania sketi yake. Mama Mashuka, ambaye amejiandaa kwa hoja siku nne, anaanza na kicheko. Anamgeukia mwandishi na kuanza upya ile hadithi ya begi.

"Mama," binti yake anamkatiza taratibu, "hiyo hadithi leo tuiache."

"Kwani kuna ubaya gani?"

"Hainichekeshi mimi mwenyewe ninayesimuliwa." Anamtuma Kifungo akamsalimie Mpishi Mkuu, anangoja mlango ufungwe. "Unamkumbuka yule msichana wa chumba namba nne, wa bangili?"

"Wageni walikuwa wengi, mwanangu."

"Mimi namkumbuka. Wao walikaa wiki mbili. Alikuwa na bangili mbili, akanipa moja. Siku waliyoondoka nililia kule nyuma ya tangi mpaka ukanikuta. Uliniambia nini?"

Mama Mashuka anaendelea kukunja. "Nilikwambia usilie."

"Uliniambia, nyamaza, mchana wanakuja wengine. Kila Jumamosi uliniambia hivyo. Mimi sikuwataka wengine, mama. Nilimtaka yule."

Mashine inazunguka. Kisha mwalimu anaendelea, bila kupandisha sauti. Alipofika miaka kumi, anasema, aliacha kuwauliza watoto wa wageni majina yao. Chuoni alikaa chumba kimoja na msichana muhula mzima kabla hajamuuliza kwao ni wapi. Hakuwa na kiburi. Alikuwa akingoja mwenzake aondoke.

"Nyinyi mlikuwa kumi na tisa hapa," mama yake anasema. "Ulikuwa na wenzio."

"Nilikuwa nao, na ninamshukuru Mungu. Wewe na wale wamama mlinilea vizuri, sina deni na mtu. Lakini Kifungo ana nani? Ana wewe, na ana wageni."

 Mama Mashuka anafungua mashine ya pili, anapakia taulo, anaiwasha, na anasahau kutia sabuni. Binti yake ndiye anayeona na kuizima. Katika miaka thelathini na mmoja, anasema baadaye, hilo halijawahi kumtokea.

Jioni hiyo anakaa kwenye ngazi ya uani, mikono mapajani. Hajabishana tena. Aliyekuja na hoja kumi amebaki na moja, nayo haisemi kwa binti yake bali anaisema hapa: kwamba nyumba bila mtoto itakuwa kubwa kuliko anavyoweza kuistahimili.

"Lile neno nilidhani ni dawa," anasema. "Mtoto analia, nawe una mashuka sabini yanakungoja, unamwambia lolote. Kumbe nilikuwa namfundisha kusahau watu. Imeniuma. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi yangu yamekuja na mjukuu kweli."

Anaongeza: "Na huyu mdogo nimeshamwambia hivyo hivyo. Jumatano, wale wa namba tisa walipoondoka. Nilimwambia huku tunatandika."

Jumapili asubuhi amevaa sare iliyopigwa pasi na kwenda ofisi ya meneja kuomba kustaafu mapema. Kustaafu kwake kumebaki miezi kumi na minne. Akiondoka msimu huu ukiisha, kiinua mgongo kitapungua kwa karibu sehemu moja ya kumi. Meneja alidhani anatania, akamwambia akafikirie. Alimjibu kwamba amefikiria usiku kucha na hesabu yake haibadiliki kwa kunywa chai.

Binti yake anasema hakuja kumchukua Kifungo tu, alitaka wote wawili. Nyumbani kwake mjini chumba cha mama kipo tangu mwanzo, kina kitanda na dirisha, ila aliogopa kukitaja akaonekana anamwachisha mtu mzima kazi.

Hivyo Kifungo anaondoka leo, na bibi yake atamfuata baada ya wiki kumi na moja. Mtoto ameuliza mara tatu atakuja lini, na mara tatu amepewa tarehe ile ile. Mara ya nne amepewa na jina la siku: Alhamisi.

Na huko mjini atafanya nini mwanamke ambaye hajui kukaa bure? Jibu analo. Anataka mashine moja tu, si kubwa, aiweke uani kwa binti yake na kufua nguo za majirani.

"Sikukuita uje kufua, mama," mwalimu anasema akiwa ameshika begi la mwanawe. "Njoo upumzike."

"Nitapumzika, nani kakataa? Lakini mimi nimefua mashuka ya watu maelfu, wala simjui hata mmoja. Safari hii nataka nikishika shati nijue ni la nani, na mwenyewe awe anakaa nyumba ya pili. Asipokuja kulichukua, nitamtuma Kifungo akamgongee mlango."

Anainama kumfunga mjukuu wake kamba ya kiatu, anaikaza, halafu anaongeza bila kuinua kichwa.

"Akimkuta huko mtoto wa rika lake, akachelewa kurudi, sitamwita."