Damu Waliyorudi Nayo

Nilitoka Kalokol juu ya lori la samaki wakavu. Vumbi mpaka Lodwar, vumbi tena, kisha milima ya Kapenguria na baridi ya Kitale. Nilikuwa nimechoka utanboi, kupakia na kushusha mizigo ya lori za watu. Nilitaka kujenga Bungoma, kwenye shamba la marehemu baba, ambalo ndugu zake wawili walikuwa wakililima tangu tumzike. Baba mkubwa alikuwa ameniambia kwa simu, "Wewe kuja tu, tutakaa chini tuongee."

Sikufika. Sokoni Kitale, tukishusha magunia, lori lilirudi nyuma likanibana mguu ukutani. Nyama ya muundi ikang'oka, mfupa ukabaki nje.

Daktari alikata nyama mgongoni mwangu akaishona mguuni, akiunganisha mishipa midogo kama uzi huku akitazama kwa hadubini. Baadaye alinieleza bila kunificha: damu ikiganda kwenye mishono ile, nyama itakufa na mguu utakatwa. Nilikuwa nimepoteza damu nyingi, lakini hakunirudishia. Alinipa maji ya dripu ili iliyobaki iwe nyepesi na ipite bila kukwama, akiipima kila asubuhi isije ikapungua mno.

Ndipo baba zangu, mkubwa na mdogo, wakaja kutoka Kanduyi, kule Bungoma, wamevaa makoti ya kanisani, kunitolea damu. Hawakuwahi kuniletea hata ndizi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

"Asanteni, wazee," daktari alisema, "lakini huyu hatumwongezei damu sasa."

Baba mdogo aliitazama dripu. "Ati maji? Huyu ni mtu ama ni rejeta ya lori?"

Wodi nzima ikacheka.

"Mnaweza kuwatolea wagonjwa wengine."

"Wengine gani, bana? Mimi nimeletea mtoto wa ndugu yangu!"

Baba mkubwa hakucheka. Alinigeukia. "Si useme wewe. Mwambie unataka."

Muuguzi alikuwa ametoka tu kuibonyeza ile nyama, kuona kama rangi inarudi. Nikautazama mguu.

"Baba, acha daktari afanye vile anajua."

Walishusha mikono ya makoti yao, wakaondoka bila kugusa chai waliyoletewa.

Nyama ilishika. Mvua zilipopungua nilienda Bungoma, nikitembea bila mkongojo. Mahindi yalikuwa yamepandwa mpaka pale nyumba ya baba ilipokuwa imesimama zamani.

"Tulikuletea kitu," baba mkubwa alisema, akiwa amesimama kati ya mistari ya mahindi. "Ukaturudisha nacho, watu wakitucheka. Sasa unataka nini kwetu?"

Nilimweleza habari za mishipa na kuganda kwa damu. Nilieleza polepole, labda vizuri kuliko daktari. Alichosikia ni kwamba zawadi yake ilikuwa mbaya. Au labda alinielewa kabisa, ila mahindi yalikuwa yamestawi sana mwaka ule.

Baba mdogo aliniambia nipandishe suruali. Alikibonyeza kile kinundu cha nyama kwa kidole, akangoja, akatazama rangi ikirudi.

"Kweli imeshika," alisema. Akachukua jembe lake akarudi kupalilia.

Nilishuka barabarani kwa miguu yangu miwili. Siku hiyo hiyo, Kitale, nikapata lori tupu linalorudi Lodwar. Dereva aliniuliza kama nitarudi naye Kitale wiki ijayo na samaki. Nilimwambia atafute tanboi mwingine, mimi huku sirudi. Bungoma sijaikanyaga tena.