Mto ni wa Kazini

Dobi alikuwa na chumba kimoja, mtoto mmoja na mdomo usiojua kunyamaza. Mumewe alikwenda kununua kiberiti, akasahau njia ya kurudi. Shule hakuiona. Kaka zake ndio waliosomeshwa. Yeye alitwishwa ndoo, na hakuna aliyemwomba radhi mpaka leo.

Binti yake walimwita Kwanini. Kutwa kucha ni maswali. Kwa nini sabuni ni ya bluu na povu ni jeupe? Kwa nini shuka hukauka pembeni kwanza? Dobi alijibu aliyoyajua, na asiyoyajua alimwambia, "Ngoja, shuleni watakueleza."

Siku moja shule ikatangaza mtihani wa akili. Watakaofaulu watakaa darasa la mbele. Watakaoanguka watapelekwa chumba cha nyuma, ambacho watoto walikiita Ghala, kwa kuwa huko walishika fagio zaidi ya kalamu.

"Wangu simhofii," Dobi alimwambia msusi, mpangaji mwenzake. "Huyu akili zinamwagika."

"Mkingie beseni basi, shoga. Si unayo tele?"

Wakacheka. Wiki iliyofuata Dobi akaitwa shuleni.

Mwalimu aliweka karatasi mezani. Palichorwa kitanda, kabati, mto na jiko. Watoto walitakiwa kuzungushia duara kitu kisichofaa kuwa katika chumba cha kulala. Kwanini alizungushia mto.

"Unaona, mama? Swali jepesi hili. Na mengine kayajibu hivihivi."

Dobi aliitazama ile michoro. Jiko lake lilikaa miguuni pa kitanda, maana mwenye nyumba alikataza watu kupika ukumbini, eti moshi unaharibu chokaa yake. Kabati alikuwa nalo, ingawa halikuwa na milango. Mto hakuwa nao. Yeye na mwanawe walilalia nguo zilizokunjwa.

"Ulimuuliza sababu?"

"Nilimuuliza. Akasema mto si wa chumbani, mto ni wa kazini kwa mama yake. Tulicheka sana ofisini."

"Sasa kakosea nini, mwalimu? Mito kwetu huletwa kufuliwa. Ikikauka inarudi kwa wenyewe."

"Mama yangu, huu mtihani unapima akili. Haupimi nyumba za watu."

"Mmepima nyumba yangu, mwalimu. Tena mmeipima mpaka miguuni pa kitanda."

Mwalimu alimtazama kwa huruma. Akasema majina yameshapangwa, na kwamba si kila mtoto kaumbwa kwa ajili ya vitabu. Aliyasema kwa upole, na upole ule ulimchoma Dobi kuliko tusi.

Kwanini akaingia Ghala. Mwanzoni alirudi nyumbani na maswali yake. Yakapungua. Ukimuuliza leo mmesoma nini, anajibu, "Tumefagia." Siku moja msusi alimtania kwa kitendawili, kama walivyozoea. Mtoto akasema, "Muulize mwingine, shangazi. Mimi ni wa Ghala." 

Asubuhi iliyofuata Dobi alibeba jiko lake akalitua ukumbini. Mwenye nyumba akatoka mbio.

"Chokaa yangu wewe mwanamke! Mwezi ukiisha uhame."

"Nitahama," Dobi akasema, akakoleza moto.

Kisha akachukua foronya iliyochanika, ambayo mteja wake hakuitaka tena, akaijaza vitambaa, akaishona mdomo na kuilaza kichwani pa kitanda. Akaketi mlangoni kumngoja binti yake. Alikuwa na majibu yote tayari: kwa nini jiko limetoka, kwa nini mto umeingia, kwa nini wao watahama.

Kwanini alirudi. Akalipita jiko ukumbini, akaingia ndani, akauona mto. Dobi akanyamaza, akisubiri aulizwe.

Mtoto alivua viatu, akachukua ufagio nyuma ya mlango, akaanza kufagia.