Baba Akifumba Macho

Babu yangu mzaa baba alikuwa na nundu kwenye bega la kushoto, ngumu kama kwato. Wajukuu tulipanga foleni kuigusa. Alisema aliipata ujanani kwa kubeba mizigo ya Waarabu kutoka Tabora mpaka pwani, na tukiigusa alitutajia vituo vya njiani kimoja kimoja, wapi pana maji, wapi pana simba. Bibi pembeni anakaanga karanga na kumkatiza: "Jana simba alikuwa mmoja, leo watatu. Wanazaana humo begani?"

Sasa sijui kwa nini nimeanza na nundu ya babu wakati nataka kukueleza habari za baba. Niwie radhi, mimi darasa la tatu nililiacha njiani, naandika kama ninavyoongea. Labda ni kwa sababu ukoo wetu ulijulikana kwa miguu. Tulipokuwa bado kwetu Itetemia, baba alikwenda mpaka mjini Kanyenye kununua chumvi na kurudi kabla uji haujapoa. Mama ndiye aliyesema hivyo, ingawa uji wa mama ulikuwa mzito na haukupoa upesi.

Halafu tukahamishwa. Lori lilitushusha porini na kinu chetu, kuku wanne na mlango wa nyumba ya zamani, tukaambiwa hiki ndicho kijiji cha ujamaa. Nyumba zikapangwa mistari kama matuta ya viazi. Mtama wetu ulibaki nyuma shambani, michembe yetu ya viazi vikavu ikaisha, tukala muhogo mchungu mwaka ule na uliofuata. Kwa njaa, mama hakuuloweka siku zinazotakiwa sumu itoke. Harufu yake bado ninayo puani.

Ilianza na sauti. Zamani baba alikuwa anakufikia bila wewe kumsikia. Sasa ilikuwa pu, pu, kisigino kwanza, kama mtu anayeshindilia sakafu ya udongo. Alitembea miguu imetanuka, macho hayabanduki kwenye vidole vyake. Watoto wakamfuata nyuma: "Kushoto, kulia! Mgambo anapita!" Jirani yetu naye, mtu wa maneno, akauliza, "Mzee wa kanisa, siku hizi pombe unainywa pamoja na mswaki?" Baba hakuonja pombe maisha yake yote.

Ndani ya nyumba yetu hamkuwa na dirisha. Hata mchana wa jua kali, baba akiingia tu alisimama akapapasa ukuta, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama nanii, miguu yangu iko wapi?"  Mama aliendelea kuchochea moto.

Jumapili moja, kanisani, mwinjilisti alimwita mbele aombe. Watu wakafumba macho, baba naye akafumba. Akayumba kama bua la mtama, akaanguka juu ya meza ya sadaka. Wiki mbili baadaye ikawa hivyo hivyo. Kuanzia hapo hakuna aliyeomba sawasawa, watu walichungulia kati ya vidole. Wakasema maombi yanamwangusha, na mtu anayeangushwa na maombi anajulikana ni mtu gani. Mwinjilisti akamwambia, "Ukianguka tena, mzee, mimi sitaweza kukutetea." Unajua enzi zile. Nyumba ya aliyeitwa mchawi haikumaliza kiangazi bila kuchomwa moto.

Mimi niliujua ukweli. Nilimwona asubuhi ananawa uso uani, povu la sabuni machoni, akaenda chini kama mti. Hapakuwa na maombi pale. Nikamshika. Akasimama, akafumba tena macho makusudi, kiwiko chake mkononi mwangu.

"Miguu ipo, mwanangu?"

"Ipo, baba."

"Mimi sina. Chini hapana kitu. Niko hewani."

Mjukuu wangu muuguzi ndiye aliyenieleza, juzi juzi tu, kwamba ile ni mishipa ya fahamu, huenda imeharibiwa na ule muhogo. Miguu ilikuwa haimpi tena habari za ardhi, macho ndiyo yaliyomshikilia. Nani angetueleza wakati ule? Na ningemweleza nani leo? Kile kijiji msitu wa miombo umekimeza, huwezi hata kujua kanisa lilisimama wapi.

Tukapatana, mimi na baba. Akiitwa tena, nitavuka kutoka upande wa wanawake, nimshike kiwiko mpaka amina. Niliahidi.

Jumapili ikafika, akaitwa. Akajaribu kwanza peke yake, macho wazi, anaomba huku anatazama vidole vyake. Jirani akapaza sauti: "Anaomba huku amekodoa macho!"

"Na wewe umenionaje, ndugu yangu?" baba akamjibu.

Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia, nikadhani tumeshinda. Mwinjilisti hakucheka. "Mzee, fumba macho. Sote tufumbe, tuanze upya."

Baba akageuka, akanitazama. Zilikuwa hatua saba kuvuka. Msichana aliyekaa kando yangu akanifinya pajani: "Nenda basi, mgambo anakuita." Nilifumba macho kabla ya watu wote. Nilikaza mpaka nikaona wekundu.

 Nikasubiri kishindo cha kuanguka.

Pu. Pu. Pu. Visigino vilikuja katikati yetu, taratibu, kimoja kimoja. Vilipofika usawa wangu vikasimama, nikasikia harufu ya sabuni yake. Kisha vikaendelea. Safari hii hakuna aliyethubutu kuchungulia, maana amina ilikuwa haijasemwa. Kanisa zima tulimsikiliza baba anatoka.

Mwinjilisti alipokuja kuisema, mbele palikuwa patupu. Nje mchangani nyayo zilikuwa zimechimba, zimetanuka, zimepita nyumba yetu bila kugeukia mlangoni. Mama na mimi tulizifuata mpaka kwenye changarawe, zikaishia hapo. Baba hakurudi.