Nilimwambia Daktari Vidole Vina Joto

Admin naomba jina langu ulifiche na kijiji usikitaje, sema tu ni huku Serengeti, upande wa bwawa la Manchira. Mimi ni mzee wa miaka sabini na nne. Shule niliishia darasa la pili, haya nimeyaandika mwenyewe kwa kidole kimoja siku tatu, kwa hiyo nikikosea someni hivyo hivyo.

Kazi yangu ni kuunga mifupa. Baba aliunga, babu aliunga, mimi nimewapita wote, hilo hata wasionipenda wanakubali. Watu wanatoka Tarime, wanatoka Sirari wamebebwa, wanarudi wanatembea. Kuna kijana pikipiki ilimvunja mkono sehemu mbili, leo anarusha fimbo kwa mkono huo huo. Sijawahi kushindwa. Yaani nilikuwa sijawahi.

Kituo chetu cha afya kililetewa daktari, mama mmoja ametoka Mbeya. Anajiita daktari wa familia, anatibu kuanzia kichanga mpaka mzee kama mimi. Alikuja kwangu kwa miguu, akaniamkia, akala ugali wa mtama. Akasema hakuja kunifungia kazi, anataka tushirikiane. Aliyevunjika aanze kwake, akiona hakuna kidonda na mwenyewe anataka kwangu, aje. Nami nikiona vidole vimepoa au vimebadilika rangi, yaani damu haifiki, nifungue vibanzi, vile vijiti vya kufungia mfupa, nimpigie simu hapo hapo. Tukashikana mikono. Nikatangaza mnadani kwamba daktari ananiita mwenzake.

Kila Alhamisi walikuwa na kikao, yeye, nesi, mtu wa maabara na mtoa dawa, nami nikawekewa kiti. Hapo ndipo nilipoanza kumdharau. Alikuwa anauliza kila mtu, tena anaanza na mdogo. Siku moja nesi, binti ambaye wajukuu zangu wanamzidi umri, akamwambia mbele yetu kwamba dawa aliyoandika haimfai yule mama kwa sababu ana mimba. Daktari akatazama karatasi akasema ni kweli, asante, umeniokoa. Akafuta. Kwetu mkubwa hasahihishwi mbele ya watu, na akisahihishwa hashukuru. Nilipotoka nikamwambia mlinzi wa geti huyu mama hana kauli, anaongozwa na watoto. Alhamisi zilizofuata sikwenda.

Kipindi cha kuvuna mahindi ng'ombe alimpiga mke wangu teke akikamua, chini ya goti. Mfupa ulivunjika, kidonda hakikuwepo. Kwa makubaliano yetu alitakiwa aanzie kwa daktari. Nikasema mke wangu mwenyewe nimpeleke kwa mwingine, watu watasemaje. Nikamfunga. Nilikaza sana, nilitaka upone kuliko miguu yote niliyowahi kufunga.

Kesho yake asubuhi nesi alikuwa anatembelea wagonjwa majumbani, akaingia kumsalimia. Akafunua shuka, akagusa vidole. Akaniambia taratibu, "Babu, vidole vimepoa. Naomba tufungue sasa hivi."

Nikamwambia, "Binti, nilianza kufunga miguu mama yako hajaota meno. Kama daktari ana neno, aseme mwenyewe."

Akataka kufungua, nikasimama kati yake na kitanda. Akatoka nje kumpigia daktari.

Mchana daktari akanipigia, alikuwa kwa wagonjwa upande wa Mbalibali. Hakugomba. Akauliza, "Mzee, umevigusa vidole mwenyewe? Vikoje?"

Nikasema, "Vina joto. Na anavichezesha."

Sikuwa nimevigusa. Mke wangu alikuwa amelala pale, hatua mbili, ananitazama. Kwetu mwanamke hamkatizi mume akiongea na simu.

Daktari akasema sawa, atakuja asubuhi mapema. Akaja kweli, na nesi yuko naye. Alipofungua tu akaita gari. Huko hospitali walikata mguu juu ya goti.

Sijalia. Nakula, nachunga, nalala, kama vile haya yamempata mtu wa kijiji kingine. Mgonjwa akija namwambia aende kituoni.

Alhamisi iliyopita daktari alituma niitwe kikaoni. Nilijua naenda kutukanwa. Badala yake akasema mbele ya wote, "Kosa ni langu. Nesi aligusa kwa mkono wake, mimi nikaamini simu. Nilitakiwa nimwamini mwenzangu, nimrudishe siku ile ile na mwenyekiti wa kitongoji." Na ameandika hivyo kwenye barua ya wilayani. Nesi naye akasema alitakiwa kuita majirani, asiondoke. Kila mmoja alitaja la kwake, hata mtoa dawa. Kisha wakanigeukia. Nikasema kichwa kinaniuma, nitasema wiki ijayo.

Wiki ijayo ni hii. Watu wa wilaya watakuwepo, na inasemekana daktari ataondolewa, au nesi. Nikisema ukweli, vijana wangu sita watajua baba yao alidanganya juu ya mguu wa mama yao, na jina letu katika kazi hii limekwisha. Nikinyamaza hakuna wa kunishuku, wote wanaamini niligusa nikakosea kwa sababu ya uzee. Hiyo ya uzee pia nimeshindwa kuimeza, mikono yangu haijawahi kukosea joto na baridi.

Lakini mke wangu alisikia kila neno la simu ile. Tangu arudi hajaligusia. Jana nikimpelekea maji ya kunawa akasema, "Mzee, Alhamisi nitafutie bodaboda mwenye mwendo mzuri. Na mimi nakuja kikaoni."

Nikamuuliza anakuja kusema nini.

Akasema, "Nakuja kusikiliza."

Leo ni Jumanne. Ninyi mliosoma, na ninyi mlioishi na mwenzenu miaka hamsini kama mimi, nisaidieni mawazo. Nimwambie yeye kwanza hapa nyumbani, au ayasikie huko huko pamoja na wengine? Au nikae kimya? Kunitukana mnaweza, ila jibuni kabla ya Alhamisi.